Tanzia ya Kocha

"Hiyo karatasi usiiguse, Radoš! Nasema usiiguse!"

"Nisiiguse kwa nini, shangazi? Mtu mwenyewe yuko hai. Jana nimemsikia kwa ukuta anapiga chafya."

"Tanzia haibanduliwi kwa mkono. Inaachiwa mvua na upepo. Mama yangu aliibandua moja mwaka wa sabini na mbili, na kabla ya Krismasi tukabandika ya kwake."

"Kwa hiyo tungoje mvua imkubalie jirani yetu kwamba hajafa?"

"Lisemwalo lipo," Stojanka akasema, akijipiga ishara ya msalaba. "Na kama halipo, laja."

Hivyo ndivyo Momir Grbović alivyowakuta Jumamosi ile asubuhi, anatoka sokoni kununulia sikukuu yake ya slava kilo nne za shingo ya nguruwe, bei yake imepanda mara mbili tangu kiangazi. Stojanka wa ghorofa ya pili ametanua mikono mbele ya mlango wa jengo kama kipa anayengoja penalti. Radoš fundi bomba ameshika kisu cha kukwangulia rangi. Nyuma yao, kwenye kioo cha mlango, mahali zilipobandikwa tanzia zote za jengo lile tangu enzi za kiwanda, kulikuwa na karatasi nene nyeupe yenye ukingo mweusi. Picha ilikuwa ya Momir mwenyewe.

Ilikuwa picha ya zamani, ya wakati ana nywele na masharubu, amevaa jezi ya Kotlar, timu ya kiwanda cha mji. Chini yake: *Tunawajulisha ndugu na marafiki kwamba mpendwa wetu Momir Grbović, mchezaji na kocha, ametutoka akiwa na miaka hamsini na minane. Mazishi ni leo, saa saba mchana, uwanja wa mpira.* Palipoandikwa *Wafiwa* pameachwa wazi.

"Hata mfiwa mmoja hawakukupa, mwanangu," Stojanka akasema, na uchungu wake ulikuwa wa kweli. "Kifo gani hiki? Hata Ruža hawakumwandika, na ni mkeo wa ndoa!"

"Watoto wanacheza tu, shangazi."

Lakini watoto hawalipi mchapishaji. Saa saba ndiyo saa ya mechi. Halafu ile picha: mpiga picha wa kiwanda alitoa mbili tu, mwaka ule walipofika nusu fainali ya kombe. Moja iko kwenye droo ya Momir. Ya pili anayo Boro.

Mji mzima ulimjua Boro. Momir winga ya kushoto, Boro ya kulia. Mwana wa mchonga vyuma na mwana wa mwokaji mikate, wameingia Kotlar siku moja wakiwa na miaka kumi na mitano. Momir alikwenda Ugiriki misimu mitatu, akarudi na gari jekundu, na msimu uleule goti lake likakatika hapahapa nyumbani. Boro ndiye aliyembeba mgongoni kutoka uwanjani. Boro ndiye aliyesimamia ndoa yake, akasimamia na ubatizo wa binti yake. Kiwanda kilipoanza kudorora Momir akawa bawabu langoni mwake, mpaka kikauzwa, na lango lenyewe likauzwa kama chuma chakavu. Akafundisha watoto, halafu vijana, halafu timu kubwa. Huu ulikuwa msimu wake wa sita. Boro naye akawa dereva wa mwenyekiti wa klabu.

Mwenyekiti, Gvozden, alikuwa na vibanda vya kubeti kila kona ya mji. Alhamisi alimwita Momir ofisini.

"Jumamosi Strahinja apumzike. Golini mpange Neša."

Neša alikuwa kipa wa akiba, na kidole chake cha gumba hakikuwa kikikunjika tangu Septemba.

"Strahinja hajachoka, mwenyekiti."

"Atachoka," Gvozden akasema, akaendelea kumenya chungwa.

Sasa Momir alimwachia Radoš ile nyama, akaichukua tanzia mwenyewe, taratibu, kuanzia pembeni, Stojanka akifumba macho asione. Akaikunja akaenda nayo kituo cha polisi.

Polisi wa zamu aliitandaza mezani, karibu na mkate wake wenye jibini.

"Huyu nani?"

"Mimi."

"Unapumua?"

"Napumua."

"Basi karatasi ndiyo yenye kosa. Kosa la chapa peleka kwa aliyechapisha."

"Hiki ni kitisho, afande. Nataka kiandikwe."

"Kuandikisha kuna ada. Unalipia posta, unaniletea risiti."

"Posta leo imefunga saa nne."

"Njoo Jumatatu."

"Soma hapo. Mazishi ni leo."

Polisi akasoma. Akaupangusa mdomo, akaikunja karatasi vizuri kwenye mistari yake ileile, akamrudishia. Sauti yake ilikuwa imeshuka, karibu ya huruma.

"Kocha, mpange huyo Neša, uende nyumbani ukale slava yako na watu wako."

Momir hakuwa amelitaja jina la Neša.

Kwenye chumba cha wachezaji palikuwa na baridi. Bomba la joto lilikuwa limefungwa tangu wiki ile. Strahinja, miaka ishirini na minne, mkewe ana mimba ya kwanza, alikuwa amekaa na glovu mapajani.

"Kocha, nasikia sichezi."

"Umesikia wapi?"

"Kwa kinyozi."

Mtu mmoja akacheka, akaacha. Momir akakaa kwenye benchi, orodha ya kikosi gotini, lile goti bovu. Namba moja ilikuwa tupu. Aliwatazama wote: wawili waliosoma na binti yake, mmoja mwana wa fundi aliyefanya kazi na baba yake. Neša, kwenye kona, alikuwa akikichua kidole chake na kutazama chini. Hakuna aliyemsihi apange huyu au yule. Walikuwa wakingoja tu, kama watu wanaongoja basi wasilolipenda.

Akaandika Strahinja. Kalamu ilikuwa na baridi, ikabidi arudie mara mbili ndipo wino ukatoka.

Refa aliisoma orodha akavua miwani. "Hujakosea hapa? Kalamu ninayo."

"Sijakosea."

Alipotoka nje akakuta kwenye benchi la makocha kuna shada la maua ya mazishi, utepe wake hauna jina. Akalisogeza, akakaa. Kwenye uzio walisimama wanaume watatu wenye majaketi meusi, hawatazami mpira, wanatazama simu. Dakika ya thelathini Strahinja aliupangua mpira uliokuwa ukiingia pembeni kabisa ya goli, na mmoja wa wale watatu akatema mate. Dakika ya themanini kiti cha mwenyekiti kilikuwa kitupu. Mechi ikaisha bila bao. Wachezaji hawakukumbatiana. Kila mmoja alichukua mkoba wake, na kwa mara ya kwanza wakaondoka wote kwa pamoja, kwa miguu, Strahinja katikati.

Nyumbani Ruža alikuwa ametandika kwa watu thelathini. Ilikuwa siku ya Mtakatifu Dimitrije, mlinzi wa ukoo wa Grbović. Siku ya slava hakuna anayealikwa. Anayekumbuka huja, na anayekuja hafukuzwi, awe mdeni wako au adui yako. Miaka mingine makoti yalirundikwa kitandani mpaka paka akapotea ndani yake. Leo mshumaa mrefu uliwaka peke yake karibu na ngano ya kuchemsha yenye sukari, na sarma, nyama iliyoviringwa kwa majani ya kabichi, zikapoa kwenye sufuria.

Saa kumi na moja walikuwapo wawili: Radoš, na Stojanka aliyejifunga kitambaa cheusi, "kwa tahadhari tu." Simu zililia. Binamu wa kijijini alikuwa ametumiwa picha ya tanzia, akiuliza alete mshumaa wa msiba au chupa ya sherehe. Hao wa kijijini angalau walikuwa wamedanganyika. Wa mjini walijua vizuri kwamba Momir yu hai, na ndio hasa waliobaki majumbani mwao.

"Momo, kaa angalau ule," Ruža akasema.

"Mwenyeji wa slava hakai. Lini uliniona nimekaa?"

"Miaka yote ulikuwa na wa kuwahudumia."

"Na mimi nani?" Radoš akasema huku mdomo umejaa. "Nipakulie tena, kocha. Nakula kwa niaba ya waoga ishirini na wanane."

Kengele ikalia.

Alikuwa Boro, chupa ya mvinyo na pakiti ya kahawa mikononi, kama kila mwaka. Taa ya ngazi ikazimika nyuma yake. Kutoka chini, mbele ya jengo, ulisikika mngurumo wa gari lisilozimwa.

"Heri ya slava, ndugu yangu."

"Na kwako, Boro."

"Siingii." Alikuwa akiongea na viatu vyake. "Gvozden anasema Jumatatu ulete funguo za uwanja. Na kuna watu chini, wanataka kuongea na wewe. Dakika tano tu, Momo. Shuka na koti, kuna baridi."

Mezani Stojanka aliweka kijiko chini. Ruža akaja akasimama nyuma ya mumewe.

"Ile picha," Momir akasema. "Nilidhani umeiweka ukutani kwako."

Boro akaiweka chupa na kahawa kizingitini. 

Momir akarudi mezani, akachukua bakuli la ngano na kijiko. Ni ngano ileile: unaionja kwa mtakatifu siku ya slava, na unaionja makaburini kwa maiti. Akarudi mlangoni, akaufungua wazi mpaka ukagusa ukuta, mwanga ukamwagika ngazini.

"Mwenyeji haachi nyumba yake siku ya mtakatifu wake, unajua hilo," akasema, kwa sauti ya kufika chini. "Waite, Boro. Waite wote wapande. Chakula ni cha watu thelathini." Akamnyooshea kijiko. "Ingieni mkale. Marehemu mwenyewe atawapakulia."