Bwana Dausoni Hucheza Tenisi Jumamosi

Siku ya nne ya mbalamwezi, saa tisa alasiri, Elida alikuwa ameketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba yake pale Mwamgongo, anamenya mihogo huku anasoma kwa sauti. Kitabu alikuwa amekiegemeza kwenye sufuria. Mbalamwezi ndiyo likizo ya mwambao mzima: mwezi ukiwaka dagaa hawazifuati taa, wavuvi hulala majumbani kwao kama watu wengine, na wanawake wanaoanika hawana cha kuanika. Alipofika aya ya pili ya sura ya kwanza, Bwana Dausoni alitoka kitabuni na kuketi juu ya ndoo.

Alikuwa Mzungu wa makamo, amefunga tai, mkono mmoja ana raketi ya tenisi na mwingine ana sanduku dogo la safari. Alisema kwa Kiingereza kwamba yeye huitwa Dausoni, huamka saa moja kila siku, na hunywa chai ya maziwa. Elida aliyajua hayo yote, alikuwa ametoka kuyasoma. Alimpa maji ya kunawa, akaongeza mihogo miwili kwenye sufuria, akaendelea na aya ya tatu.

Kitabu chenyewe alikinunua Kigoma mjini, kwa muuza vitabu vya mitumba karibu na stesheni. Hakikuwa na jalada, na kurasa za mwisho zilikuwa zimechanika. Kilikuwa na sehemu tatu: maisha ya kila siku, michezo, na safari. Muuzaji aliapa kwamba mtu akikisoma chote kwa sauti, Kiingereza kitaingia chenyewe. Habari ya Bwana Dausoni hakuigusia, wauzaji wako hivyo.

Elida alikitaka Kiingereza kwa sababu moja tu. Kaskazini ya kijiji, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, kuna kambi ya watalii, na kwa miaka mitatu yeye ndiye aliyekuwa akiwapokea wageni pale. Aliingia majini mpaka magotini, akawashika mkono wakishuka kwenye boti, akawaonyesha maji ya kunywa na maji ya kuoga, akawakataza kwa vidole kuogelea upande wenye mamba. Hakuna mgeni aliyezama wala aliyelalamika. Kwenye karatasi za kampuni, hata hivyo, Elida alikuwa kibarua, mtu wa kuitwa na kuachwa. Sasa kampuni ilikuwa imetangaza nafasi ya mpokea wageni, ya kudumu, yenye mkataba. Kazi ilikuwa ileile, ila sharti lilikuwa usaili wa Kiingereza. Elida alitaka jina lake liandikwe kwenye kazi anayoifanya, basi, na alikuwa tayari kugombana na yeyote juu ya hilo.

Kijiji kilimpokea Dausoni bila makuu. Mwenyekiti wa kitongoji alimwandika kwenye daftari la wageni, na pale pa kujaza alikotoka akajaza sura ya kwanza. Akina mama walimwamkia kwa Kiha, mwakeye, huku wakipiga makofi taratibu kama inavyotakiwa, naye akawajibu kwamba hali ya hewa leo ni nzuri. Kila siku aliamka saa moja kamili. Elida alimpa muhogo wa kuchemsha na chai ya rangi, na kila asubuhi Dausoni alishukuru kwa mkate na yai. Hakuwa na ubaya wowote, ndivyo alivyoandikwa.

Siku moja Elida alimuuliza, kwa Kiingereza chake cha wiki mbili, mama yake yuko wapi. Kitabu kilimpa Dausoni shangazi anayeishi pwani, hakikumpa mama. Akajibu kwamba shangazi hajambo. Elida alimwonea huruma, na huruma hiyo ikamuudhi, maana mwenye usaili alikuwa yeye.

Giza la siku zisizo na mwezi liliporudi, na dagaa wakarudi nalo, Jumamosi ikaleta shida. Boti ziliingia alfajiri zimejaa. Kufikia saa nne mchanga wote ulikuwa umefunikwa na dagaa, na saa nne ndiyo saa ya Dausoni ya kucheza tenisi. Alishuka ufukweni amevaa kaptura nyeupe, akasimama katikati ya dagaa wa Verediana, akauinua mkono na kuupiga mpira ambao hakuna mwingine aliyeuona. Verediana, ambaye ndiye mkubwa wa waanikaji pale mwaloni, boti zinaposhusha samaki, alishika kiuno.

"Elida, mwambie mgeni wako atoke kwenye mboga za watu."

Elida akamweleza kwamba Jumamosi Dausoni hucheza tenisi. Verediana akataka kujua Jumamosi ndiyo kitu gani. Yeye alijua giza na mbalamwezi, alisema, na katika giza hata Krismasi watu wameanika. Mwishowe walikubaliana acheze, lakini acheze pembeni, upande ambao kunguru walikuwa wakiingilia kuiba. Raketi ilifanya kazi nzuri sana. Adhuhuri hapakuwa na kunguru hata mmoja, na Dausoni alitangaza kwamba mchezo ulikuwa wa kupendeza na yeye ameshinda.

Elida alisoma miezi miwili. Wakati wa mbalamwezi alisoma mchana kutwa, wakati wa giza alisoma alipopata upenyo, mikono ikinuka samaki. Kiingereza kikaingia kweli. Mwanzoni alisema yale ya kitabuni tu, kisha akaanza kusema yasiyokuwemo: upepo, maturubai, kidole kilichokatwa na kisu. Dausoni alimsikiliza kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari kutoka nchi ya mbali.

Siku ya usaili walikwenda wote wawili, kwa sababu ilikuwa Agosti, na Agosti Dausoni husafiri kwa treni. Mwamgongo hakuna treni. Alipanda boti ya abiria na sanduku lake, akaomba kiti cha dirishani, akapewa gunia. Waliteremka Kibirizi, wakachukua bajaji mpaka ofisi ya kampuni mjini, na Elida akamwambia amngoje kwenye benchi la nje.

Wasaili walikuwa watatu, na mkubwa wao aliitwa Bwana Nehemia, afisa utumishi wa kampuni. Mbele yake palikuwa na kitabu kilekile, ila chake kilikuwa na jalada, na mwishoni kilikuwa na kurasa za majibu. Alimuuliza Elida jina, akajibu. Alimuuliza hali ya hewa ikoje. Elida akasema kwamba upepo wa kusini umeanza, mchana mawimbi yatakuwa makubwa, na mwenye wageni asiwacheleweshe bandarini. Bwana Nehemia alifunua nyuma ya kitabu na kuweka alama ya kosa. Kisha akamuuliza Jumamosi hufanya nini.

Elida alilijua jibu la kitabu. Alikuwa akilipikia na kulifulia mashati. Lakini kwa miaka mitatu hakuna mtu wa kampuni ile aliyewahi kumuuliza yeye hufanya nini, Jumamosi au siku nyingine yoyote, na leo ameulizwa. Akajibu kwa Kiingereza, taratibu, bila kuteleza hata neno moja, kwamba inategemea mwezi. Katika giza, Jumamosi huanika dagaa tangu boti zinapoingia, huwageuza, hufukuza kunguru, na mvua ikija hukimbia na maturubai. Katika mbalamwezi hulima, hufua, na husoma. Wageni wakija siku hiyo, huacha yote na kwenda kuwapokea.

Bwana Nehemia aliutazama ukurasa wa majibu, akaandika sifuri.

"Nilichosema ni kweli," Elida alimwambia, kwa Kiswahili sasa.

"Hakuna aliyesema si kweli, mama," alijibu kwa upole. "Jibu si hilo."

Elida alikuwa anafungua mdomo ampe lake pale mlango ulipofunguliwa. Dausoni aliingia na sanduku, akawasalimia, akauliza tiketi za treni zinakatwa wapi. Bwana Nehemia alisimama. Alimvutia kiti, akamuuliza Jumamosi hufanya nini, na Dausoni akasema hucheza tenisi. Aliulizwa maswali ishirini na yote akayajibu kama yalivyo nyuma ya kitabu, mpaka nukta. Akapewa kazi kabla chai haijaletwa. Kitabu hakikuwa kimempa sentensi ya kukataa kitu, kilimpa za kushukuru tu, kwa hiyo alishukuru. Mkataba ulichapwa palepale, na kwenye makazi ya mfanyakazi wakaandika nyumbani kwa Elida. Elida akaambiwa kwamba ataendelea na kibarua kama kawaida, na kazi yake ya kwanza itakuwa kumfundisha Bwana Dausoni namna ya kupokea wageni.

"Simfundishi," alisema. "Mfundisheni kwa kitabu."

Wiki ya kwanza, Gasper, nahodha wa boti ya kambi, alitumwa mara tatu kwenda kumwita Elida. Alisimulia kwamba Dausoni husimama mchangani, viatu vikavu, na kuwatangazia wageni kwamba hali ya hewa ni nzuri wakati wimbi linawapiga mgongoni. Mabegi mawili yalikuwa yameingia ziwani, na mama mmoja mtu mzima angeingia pia kama Gasper asingejitosa kumdaka. Mara zote tatu Elida alimrudisha na jibu lilelile, kwamba anaanika. Gasper mwenyewe alikiri kwamba angekuwa yeye angetia ngumu vivyo hivyo.

Hakuwa na kinyongo na Dausoni. Lakini kila jioni Dausoni alirudi nyumbani amevaa shati la kampuni, kifuani pana kibao cha jina, na kibao kile kilimchoma Elida roho kuliko alivyotegemea. Alhamisi alichukua kalamu. Pale kitabu kiliposema kwamba Jumamosi Bwana Dausoni hucheza tenisi, alipiga mstari, na juu yake akaandika kwa Kiingereza kwamba Jumamosi Bwana Dausoni huanika dagaa.

Jumamosi Dausoni hakwenda kambini. Alishuka ufukweni, akaichomeka tai ndani ya shati isije ikagusa samaki, akaanza kugeuza. Verediana alisema tu kwamba anawageuza mapema mno.

Basi Elida akaendelea. Aliandika Jumapili, akaandika Jumatatu, mpaka kitabu kizima kikawa na mwandiko wake. Alifuta mkate, akaweka muhogo, na Dausoni akaanza kuusifu muhogo. Akamwandikia na mama, huko Simbo, mwenye shamba la michikichi. Dausoni alikwenda kumwona, akakaa naye siku mbili, akarudi na chupa ya mawese na salamu za nyumba nzima. Kwenye ukurasa wa mwisho uliobaki Elida aliandika kwamba Elida ana mkataba. Akangoja siku tatu, kisha akangoja ya nne. Hilo halikutokea, kwa sababu yeye si mtu wa kitabuni.

Kampuni haikuitangaza nafasi upya. Faili lilionyesha kwamba imejazwa na mtu aliyefaulu kwa alama zote, na meza yake pale kambini ilifutwa vumbi kila asubuhi. Wageni waliendelea kushuka wenyewe, wakilowa.

Mbalamwezi ilipoingia tena, Elida alirudi Kigoma mjini na Dausoni, na safari hii Verediana na wanawake wengine sita wa mwaloni walifuatana nao, kila mmoja na daftari lake. Walikuwa wamesomea kitabu kilekile, chenye mwandiko wa Elida. Wao waliketi kwenye benchi la nje. Ndani, Dausoni, magamba yangali mikononi, alimweleza Bwana Nehemia kwa Kiingereza kwamba yeye hafanyi kazi kambini. Huanika dagaa, alisema. Siku za kazi zikoje, inategemea mwezi.

Bwana Nehemia alimsikiliza kwa makini mpaka mwisho. Alisema Kiingereza chake bado ni kizuri sana, na ile sentensi ya mwezi akainakili kwenye daftari lake asije akaisahau. Akamhakikishia kwamba nafasi yake itamngoja hata mwaka mzima.

Elida alivuta kiti akaketi. Alisema amekuja kwenye usaili. Bwana Nehemia akamweleza kwamba nafasi haipo. Elida akasema hakuuliza nafasi, anataka aulizwe maswali, na boti yao inaondoka saa nane, kwa hiyo muda anao.

Bwana Nehemia hakuwa mtu mbaya, na alitaka mambo yaishe. Alifungua kitabu, akamuuliza Jumamosi hufanya nini, kisha akainama mbele kidogo.

"Sema tu tenisi, mama. Tumalize."

"Niandikie nitakachosema," Elida alimjibu.

Akasema kwa Kiingereza kwamba inategemea mwezi. Alisema kwa sauti ya kufika mpaka kwenye benchi, akaeleza giza na akaeleza mbalamwezi, hakuruka kunguru wala maturubai. Bwana Nehemia alifunua nyuma ya kitabu, akaangalia, akaandika sifuri. Elida akamwomba aandike na tarehe, akangoja mpaka ameiandika. Kisha akainuka, akamwita Verediana kutoka benchini, akampisha kiti naye aulizwe na kuandikiwa.