Chupa Kwenye Mlango wa Friji

Jina alilopewa na mama yake lilishasahaulika. Karakana nzima ilimwita Tofali kwa jinsi kifua chake kilivyojaa. Alikuwa fundi wa milango. Akimaliza kuranda mbao, alipitia jimu, kwa kuwa mashindano ya kutunisha misuli yalikuwa yanakaribia na mwili wake ulikuwa umegoma kuongezeka. Mwenzake mmoja wa mazoezi akamnong'oneza kwamba yeye hujichoma insulini, nayo husukuma chakula kwenye misuli.

Insulini haikuwa mbali. Mama mkwe wake, aliyeishi nao, alikuwa na kisukari, na chupa yake ndogo ilikaa kwenye mlango wa friji, kando ya mayai. Tofali akaanza kuidokoa. Kidogo tu, alijiambia, halafu nakula nashiba, mambo yanakwisha.

Mchana mmoja alijichoma baada ya mazoezi. Kabla hajapakua chakula, mteja akapiga simu: mlango mpya haufungi, na wageni wako njiani. Tofali akaona ni kazi ya mara moja, akaondoka bila kula. Mlango ukamsumbua. Aliporudi nyumbani fulana ilikuwa imelowa chapachapa, na mikono ilimtetemeka.

Mama mkwe alikuwa sebuleni akishona vifungo.

"Habari za kazi, baba?"

"Mlango umekula randa," Tofali akajibu, akacheka peke yake. Akataka kuketi, akalikosa kochi, akajikuta sakafuni.

Mama alidhani ni mzaha, maana mkwewe huyu hakuishiwa utani. Kisha akaona jasho, na macho yaliyotazama bila kuona. Hali ile aliijua. Ilishampata yeye mwenyewe. Akaleta kipima sukari chake, akamtoboa kidole. Sukari ilikuwa chini sana.

"Umejichoma dawa yangu?"

Tofali akaitikia kwa kichwa.

"Kumeza unaweza?"

"Naweza."

Hakumkaripia. Alikoroga sukari nyingi kwenye maji, akamshika shingo, akamnywesha taratibu. Wakasubiri. Akapima tena, akamwongezea. Mikono ilipotulia, akampa mkate. Tofali akaomba kwenda kulala.

"Hulali," mama akasema. "Dawa bado imo mwilini. Sukari ikishuka tena usingizini ukazimia, siwezi kukutia kitu mdomoni, utapaliwa. Vaa viatu twende hospitali."

Na kweli ilishuka tena, lakini safari hii alikuwa kitandani hospitalini, na dripu ya sukari ikamrudisha.

"Mwili wako unatengeneza insulini yake wenyewe," daktari alimwambia. "Ukiongeza ya sindano, hujui itakushusha hadi wapi. Wapo wasioamka. Na wapo wanaoamka ubongo umeshaharibika."

Mke wake alifika, akakaa ukingoni mwa kitanda. Mama mkwe ndiye aliyeongea.

"Nilidhani nakosea kupima dozi. Dawa ilikuwa inaisha upesi, nikawa najipunguzia ili isinikatikie. Kumbe ndiyo maana siku hizi naona ukungu."

Hilo Tofali hakulitegemea. Alijifunika uso kwa shuka, mabega yake makubwa yakitikisika.

"Nisamehe, mama. Sikujua kwamba nakunyima."

"Nimekusikia. Ukitoka hapa, utanipeleka nikapimwe macho."

Alimpeleka. Dozi yake iliporudi sawa, ukungu ukaanza kupungua polepole. Mashindano yakapita bila Tofali.

Aliporudi jimu, alimkuta yule mwenzake akifuta jasho kwenye benchi. Akamsimulia yote, hata alivyolikosa kochi akajikuta sakafuni. Mwenzake akacheka kidogo.

"Na wewe bado unajichoma?" Tofali akamuuliza.

"Leo nimejichoma."

"Umekula?"

"Bado."

Tofali akampa soda yake, akasubiri mpaka aimalize. Kisha akachukua mfuko wake, wakatoka pamoja kutafuta chakula, na kutoka hapo kituo cha afya.