Wafalme Watatu wa Truett Mabry

Truett Mabry akipata karata nzuri alikuwa ananyamaza. Sote tuliocheza naye tulilijua hilo, na bado alitukamata, maana hata akipata karata mbovu alinyamaza vilevile. Alikaa kofia imemshuka hadi kwenye nyusi, kikombe cha kahawa mkononi, na uso wa mtu anayesikiliza mahubiri aliyokwisha kuyasikia.

Mimi nilikuwa kinyume chake. Nikishika kitu napiga dau zito papo hapo, asiye na moyo aondoke. Tulizunguka pamoja magharibi yote ya Texas kwa gari lake, tukicheza pokeri popote palipokuwa na meza na watu wenye fedha, na njia nzima tulibishana jambo lile lile.

"Elroy, wewe unarusha mawe halafu unashangaa ndege wameruka," aliniambia. "Umepata karata za kummeza mtu mzimamzima, unamfukuza kwa kelele, unabaki na vijisenti."

"Na wewe unamwacha ndege akae mpaka atage," nilimjibu. "Karata ya bure unayompa mtu, ipo siku itakutoa roho."

Alicheka tu. Na ukweli ni kwamba mwisho wa mwaka alikuwa na fedha kuliko mimi. Mchezaji wa papara akimkimbiza adui hupata kidogo, lakini hulala salama. Anayetulia humwachia adui nafasi ya kupata karata ya kumpiga nayo; ila asipoipata, humvua mpaka viatu. Truett alikuwa na roho ya kungoja. Alitoka kwenye ukoo wa watega mbwamwitu, na baba yake alimfundisha kulala kifudifudi kwenye majani makavu mpaka mnyama ajilete mwenyewe.

Mwaka huo ninaousimulia mvua ilikataa kabisa kunyesha upande wetu, kusini mwa San Angelo. Wafugaji waliwalisha ng'ombe dungusi, mmea wa nchi kavu, zilizochomwa moto kuondoa miiba, na dungusi zilipokwisha wakaanza kuwauza. Jumamosi ilikuwa siku ya mnada, na nyuma ya mnada palikuwa na chumba chenye meza ya duara na jiko la kahawa. Bibi mmoja aitwaye Lurline alitupikia maharage na nyama ya kifua iliyokaushwa kwa moshi. Mtu akiuza mifugo yake, aliingia pale kupoza moyo.

Cleve Dossett alikuwa mmoja wao. Mfugaji mwenye heshima, mzee wa kanisa, mrefu, mkimya, mwenye kikohozi cha vumbi. Kwa kawaida alicheza kidogo kisha akaenda nyumbani kwa mkewe, Oleta, kabla jua halijashuka. Hakuwa mchezaji mbaya. Udhaifu wake ulikuwa mmoja: alimwamini mtu mkimya. Watu wa makelele kama mimi alitushuku, hata nikiwa na karata halali alinifuata ili auone uongo wangu. Lakini Cleve alimheshimu Truett kama ndugu.

Jumamosi hiyo Cleve aliuza ng'ombe majike, wale wa kuzaa. Mfugaji akishauza hao, hana tena ufugaji. Aliingia mchana, akaketi mkabala na Truett, akatoa fedha zake zote mfukoni akaziweka mezani mbele yake. Hakuwahi kufanya hivyo. Lurline alimuuliza kama anataka chakula, akasema ameshiba. Nilimtazama Truett kidogo, naye akatazama kikombe chake.

Tulicheza kama saa moja hivi bila jambo. Kisha ukaja ule mzunguko ambao mtu huukumbuka hata akitaka kuusahau.

Mchezo wetu ulikuwa wa karata mbili mkononi na tano za wote mezani. Truett alipata wafalme wawili. Hilo nililijua baadaye, wakati ule sikuona kitu usoni mwake. Aliweka dau dogo la kawaida, nikamfuata, Cleve akatufuata. Zikafunuliwa tatu za kwanza mezani: mfalme, saba, mbili. Kwa hiyo Truett sasa alikuwa na wafalme watatu, na mezani hapakuwa na kitu cha kumtisha. Cleve alikuwa na ree, ile karata ya moja inayompita hata mfalme, na saba mkononi, jozi ya saba tu. Ni karata ya mtu anayetaka kwenda nyumbani.

Ningekuwa mimi, ningepiga dau zito hapo hapo. Cleve angeziangalia saba zake, angekohoa, angezitupa, na angeondoka na fedha za ng'ombe wake karibu zote.

Truett aligonga meza kwa kidole kimoja. Maana yake: sina dau, napita. Mimi sikuwa na kitu, nikapita. Cleve akapita. Karata ya nne ikatoka bure kwa kila mtu, nayo ilikuwa ree.

Sasa Cleve alikuwa na jozi mbili, ree na saba. Nilimwona akikaa vizuri kwenye kiti. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile uso wake kupata damu. Truett na mimi tukapita tena, yeye akaweka dau. Truett alifikiri kwa muda, au alijifanya anafikiri, kisha akafuata bila kupandisha. Mimi nikatupa zangu. Karata ya tano ilikuwa nne, haikumsaidia yeyote. Truett akagonga meza tena kwa kidole.

Cleve alisukuma mbele kila kitu alichokuwa nacho.

Nilitamani Truett atupe karata, ingawa sikujua alichoshika. Alisema polepole, "Nakufuata, Cleve," akageuza wafalme wake.

Cleve alizitazama zile karata kwa muda mrefu. Hakukasirika. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Ulikuwa nao tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo."

"Na ukagonga meza."

"Ndiyo mchezo wenyewe, Cleve."

"Najua," alisema. "Najua ndiyo mchezo." Akainuka, akavaa kofia, akamshukuru Lurline kwa kahawa ambayo hakuinywa, akatoka.

Maili chache kutoka mnadani barabara inakatiza reli. Ardhi pale ni tambarare kama meza, treni unaiona toka mbali. Gari la Cleve liligongwa na treni ya mizigo jioni ile, kungali mwanga. Mkuu wa polisi wa wilaya alisema jua lilikuwa machoni mwake. Inawezekana, maana alikuwa akielekea magharibi. Dereva wa treni alisema alipiga honi mpaka mkono ukamuuma na gari halikusogea. Kila mmoja akachagua la kuamini. Kanisani walichagua jua.

Truett hakuja mazikoni. Wiki moja baadaye alinipitia nyumbani asubuhi, hajanyoa, akaniomba nimsindikize kwa Oleta. Mke wake Maybelle alikuwa amempa bakuli la maharage na mkate wa mahindi apeleke, na fedha za Cleve zilikuwa kwenye mfuko wa karatasi kitini kati yetu.

Oleta Dossett alitupokea jikoni. Mwanamke mfupi, mikono imekomaa kwa kazi, nywele zimefungwa nyuma. Alichukua bakuli akaliweka juu ya jiko. Truett alipoanza kutoa pole zake, alimkatiza.

"Sikukuita hapa kwa pole, Bwana Mabry. Umekuja mwenyewe, basi keti." Akafungua droo, akatoa karata zilizochakaa. "Mimi na Cleve tulicheza hapa kila jioni ya baridi. Mchezo naujua. Nionyeshe."

"Mama, haina faida."

"Nionyeshe ilivyokuwa."

Truett alizipanga: wafalme wawili upande wake, ree na saba upande wa Cleve, kisha mfalme, saba, mbili katikati. Oleta akaweka kidole juu ya zile tatu.

"Hapa ulifanya nini?"

"Nilipita."

"Ungeweka dau zito hapa, Cleve angefanyaje?"

Nilimtazama Truett. Lilikuwa jambo jepesi kudanganya. Mchezaji anaweza kusema hakuna ajuaye, labda angefuata, karata zina mambo. Mimi ningesema hivyo.

"Angetupa," alisema Truett.

"Una hakika?"

"Ndiyo, mama. Nilijua angetupa. Ndiyo maana nikapita."

Oleta aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyetajiwa bei ya kitu na kuiona ni ile aliyoifikiria. "Alikuwa akikusifu wewe," alisema. "Akirudi alikuwa akisema, pale mezani wote ni waongo isipokuwa Truett, maana Truett hana maneno." Akakusanya karata akazirudisha kwenye droo.

Truett alisukuma mfuko wa karatasi kuelekea kwake. Nilidhani atamrushia usoni. Hakufanya hivyo. Aliufungua, akachungulia, akaufunga. "Nazichukua," alisema. "Wale ng'ombe niliwazalisha mimi, usiku wa barafu, mkono mpaka begani. Lakini usije tena hapa." Hakutushukuru, na hatukutegemea shukrani. Benki ililichukua shamba kabla ya mvua kurudi, naye akahamia Abilene kwa dada yake.

Tangu siku hiyo Truett akawa mchezaji mwingine. Akipata karata nzuri aliweka dau kubwa mara moja, sauti juu, ili kila mtu asikie. Wenzake wakatupa, akakusanya vijisenti. Haikuchukua muda wakamsoma: Truett akipiga kelele, kimbia, Truett akinyamaza, hana kitu, mvamie. Wakamla kama mahindi ya kuchoma. Watu ambao zamani walimwogopa wakawa wanamtania mbele yake.

"Leo babu hana kitu, kanyamaza," walisema. "Mpigieni dau alale."

Nilimwambia aache mchezo au arudie njia yake. Alinijibu kwamba hawezi. Alisema, "Nataka mtu apewe nafasi ya kutoka, Elroy. Akishaambiwa waziwazi, akaondoka, mimi na yeye tumemalizana." Nikamuuliza, na asipoondoka?

Mara ya mwisho kucheza naye ilikuwa Lubbock, mchana, katika chumba cha hoteli. Alikuwepo fundi wa mabomba ya mafuta, mtu wa miaka thelathini na kitu, amelewa, ametoka kulipwa. Hakuwa akimjua Truett. Mezani palikuwa na malkia wawili, na Truett alishika wa tatu pamoja na karata iliyopata jozi yake mezani: tatu na mbili, mkono ambao wachezaji huuita nyumba nzima, mgumu kupigwa. Alisukuma kila kitu mbele mara moja. Kisha akafanya jambo ambalo halifanywi mezani. Alimtazama yule fundi machoni, akasema, "Zitupe, mwanangu. Nimekupita. Nakwambia kweli."

Fundi akacheka. "Mzee, mwenye kitu hasemi," alisema. "Ungekuwa nazo ungekaa kimya." Akasukuma mshahara wake wote.

Truett aligeuza karata. Yule mtu alizitazama, kisha akamtazama Truett, na ulevi ukamtoka wote usoni. Truett aliinuka, akatoka nje bila kofia yake, fedha zote zimebaki pale.

Nilimsukumia fundi mshahara wake, ingawa wengine mezani walinung'unika kwamba si desturi. Akaukusanya haraka haraka, akaniuliza, "Yule mzee ana nini?" Nikamwambia anaumwa.

Truett nilimkuta amekaa ndani ya gari, mikono kwenye usukani, injini haijawashwa. Niliendesha mimi. Tulifika kwao jioni, akapita mlangoni moja kwa moja hadi chumbani, akafunga mlango. Nikamkabidhi Maybelle kofia na fedha zilizokuwa za mumewe. Alikuwa akiosha vyombo, akazipokea kwa mikono yenye maji, hakuuliza kama ameshinda au ameshindwa. Aliuliza tu kama amekula. Nikasema hajala tangu asubuhi, naye akarudi jikoni kumpashia chakula.