Panga Moja Halitoshi Jembe

Mzee Isaka wa Mtinko alijua siku za mwisho zote zitakavyokwenda. Siku moja tu ilimshinda kuipanga: siku ya kwenda kumsalimia kaka yake.

Unabii aliuchora mwenyewe, kwa kalamu za rangi, juu ya shuka jeupe ambalo mkewe Klara alitunzwa siku ya harusi. Klara aliuliza mara moja tu kama Mungu ameishiwa karatasi. Kushoto walijipanga wanyama wenye vichwa saba, katikati baragumu na vitasa vya ghadhabu, na huko pembeni kabisa, karibu na pindo, Isaka aliandika AMANI. Herufi zilibanana kidogo, maana nafasi yote ilikuwa imechukuliwa na wanyama.

Kila Alhamisi chati hiyo ilitundikwa kwenye darasa la Biblia na mzee akaelekeza kwa fimbo. Mbwa mwitu kulala na mwanakondoo? Fimbo ikaenda pembeni. Kila mtu kukaa chini ya mtini wake bila wa kumtia hofu? Pembeni vilevile.

"Bado, wapendwa," alisema, kwa upole wa mtu mwenye ratiba ya treni mfukoni. "Kwanza yatimie haya yote. Amani ni ya ule utawala wa miaka elfu."

Ilimfaa sana amani ikikaa mbali, kwa sababu kaka yake Petro, mhunzi, alikaa karibu mno. Mashamba yao ya alizeti yalipakana. Miaka kumi na mmoja iliyopita waligombania mzinga mmoja wa nyuki uliotundikwa kwenye mgunga wa mpakani. Maneno yakazaa mapanga, na panga la Isaka ndilo lililotangulia. Lilimkata Petro mkono wa kushoto, na vidole viwili havijakunjika tangu siku hiyo. Nyuki, ambao hawakuwahi kuhudhuria darasa la Biblia hata Alhamisi moja, walihama mwezi uleule. Ukabaki mzinga mtupu na ndugu wawili wasiosalimiana. Na kusema kweli, wa kuanza alijulikana. Petro ndiye mkubwa, kwa hiyo shikamoo ilikuwa ya Isaka kuitoa.

Sasa ikaja posa ya Ritha, binti wa Isaka. Washenga wa Ihanja walituma ujumbe usio na mapambo: Jumamosi ya wiki ijayo wanakuja na ng'ombe, ila wamkute baba mkubwa wa binti amekaa kitini. Wasipomkuta, ng'ombe watarudi walikotoka. Nyumba ambayo ndugu hawaonani, walisema, haiwezi kuwafungisha ndoa watu wengine.

Ritha hakulia. Aliendelea kupepeta ulezi, kisha akauliza, "Baba, kwenye chati yako, mimi naolewa kabla ya mnyama au baada?"

Isaka akakohoa. Alimpenda binti huyo kuliko chati, ingawa hakuwahi kumwambia, na aliogopa kumbomolea nyumba kabla hajaijenga.

Jumapili, Mchungaji Editha, ambaye hakuwa na hata miezi sita usharikani, akatangaza jambo lake. Jumapili inayofuata ilikuwa mbali kwake. Alitaka leo leo, baada ya ibada. Kila mwanaume akachukue panga nyumbani, wakutane kwa mhunzi, lifuliwe jembe mbele ya watu kama alivyosema nabii Isaya. Mzee Isaka akasimama kumfahamisha, kwa heshima zote, kwamba andiko hilo ni la miaka elfu.

"Najua, mzee," Mchungaji akajibu. "Sisi tutaanza na jembe moja."

Waumini wa Mtinko ni watiifu. Walileta mapanga ambayo hata kuku asingeyakimbia: lisilo na mpini, lililokatika ncha, lililomaliza ujana wake likikwangua masufuria. Yenye makali yalibaki nyumbani yakisubiri miaka elfu. Mzee Isaka, kiongozi wa watu, alileta bovu kuliko yote.

Petro alilipokea bila kumtazama usoni. Koleo alikuwa amelifunga kwenye mkono wa kushoto kwa mpira wa baiskeli, kwa kuwa vidole vile havikushika. Isaka hakuwahi kuuona mpira huo. Miaka yote alikuwa akipita njia ya juu ili asipite hapo. Aliona aibu, aibu ya kweli.

"Hili halijamkata mtu," Petro akasema, akalitupa kwenye majivu. "Nabii alisema mapanga, hakusema kutu. Lile nililokufulia mimi liko wapi?"

Kwaya nzima ikageuka kumtazama mzee. Isaka akamtafuta Ritha kwa macho. Ritha alikuwa anaangalia chini. Mzee akageuka, akatembea mpaka nyumbani, akalivuta panga kutoka chini ya kitanda. Lilikuwa linang'aa kwa mafuta. Ndivyo alivyoisubiri amani, akilipaka panga mafuta kila mwezi.

Aliporudi hakuna aliyekuwa ameondoka. Burudani kama hiyo haiji Mtinko kila Jumapili.

Petro akalipima mkononi. "Zuri. Lakini panga moja halitoshi jembe. Chuma ni kidogo." Akaingia ndani, akatoka na la kwake, nalo linang'aa mafuta. "Siku ile na mimi niliinua. Wewe ulinizidi haraka tu."

Akayalaza motoni moja juu ya jingine. Mchungaji akavuta mivukuto kuchochea moto, joho lake likaingia majivu. Vyuma vilipoiva, Petro akajaribu kuvibana vyote viwili. Koleo la kufungwa kwa mpira likashindwa, vikateleza. Akajaribu tena, vikateleza tena. Hakuomba msaada. Hapo Isaka akasogea, mbele ya usharika wote, akapiga goti kando ya fuawe, pale chuma kinapopondwa.

"Shikamoo, kaka."

Petro akaiweka nyundo chini kwanza. Salamu hiyo aliisubiri miaka kumi na mmoja, asingeimeza upesi.

"Marahaba," akasema. "Nifungulie huu mpira. Koleo shika wewe."

Jembe lilitoka bovu, limepinda, zito upande mmoja. Aliyelisifu ni Mchungaji peke yake.

Jumamosi washenga walifika na ng'ombe wao. Klara alikosa kitambaa cha meza, akalishusha shuka lake, akaligeuza, wanyama wakalala kifudifudi chini ya sahani za kuku. Wino ulikuwa umepenya. Petro, kitini pa baba mkubwa, akauweka mkono wa kushoto juu ya meza, pembeni, akainama kusoma herufi zilizogeuka.

"Hapa pameandikwa nini, mdogo wangu?"

"Amani, kaka." Isaka akajibu. "Ila kwa mujibu wa chati, bado haijafika."

"Basi chati usiiambie," Petro akasema. "Nisogezee chumvi."

Isaka akamsogezea, kwa mikono miwili, kama anavyopewa mkubwa.