Maiti Kumi na Moja

Kabla filamu haijaanza, goti la kulia la mfasiri lilikuwa tayari linacheza chini ya meza. Liligonga mbao kwa kasi ya cherehani, na kipaza sauti kilichosimama juu ya meza kikaupeleka mlio ule hadi kwenye spika za ukumbi. Watazamaji wakadhani ni muziki wa kutisha, wakapiga makofi. Alilibana goti kwa kiganja mpaka likatulia. Likaanza la kushoto.

Watu walimwita Mdomo. Kwa miaka tisa alikuwa akiketi katika kibanda cha mbao nyuma ya ukumbi wa video wa shangazi yake, kila siku saa tisa alasiri, akiwatafsiria watu filamu za kigeni. Neno kutafsiri hapo lilikuwa la heshima tu. Kazi yake hasa ilikuwa kutia chumvi. Askari akimwamuru mtu asimame, Mdomo alimfanya aulize choo kiko wapi. Mtu akikata roho, Mdomo alimpa wosia mrefu kuhusu mke wa jirani. Hakuwahi kuitazama filamu kabla ya siku yake. Aliangalia picha ya kwenye kasha, akaipa filamu jina analotaka, akaliandika kwenye ubao wa nje, na mengine yote aliyabuni palepale. Aliamini kwamba kuujua mwisho kungemharibia utani.

Jambo ambalo hakumwambia mtu ni kwamba lugha ya filamu zile alikuwa anaijua. Alijifunza peke yake, kwa kamusi iliyochanika kurasa za mwisho, maneno kumi kila asubuhi kabla ya chai, akiyapanga katika daftari kwa mwandiko mdogo uliosimama wima. Madaftari sasa yalikuwa kumi na manne. Lakini nani angekuja kukaa kwenye benchi gumu ili asikie kilekile kilichosemwa?

Shangazi aliingiza kichwa kibandani.

"Unamwona yule wa shati la kijani, benchi la nyuma?"

"Namwona. Si Redio yule? Anatafsiri kwenye ule ukumbi wa stendi."

"Nimemwita mimi." Aliisema taratibu, kama mtu anayetua mzigo. "Watu wanapungua, mwanangu. Wanasema utani wako wameshaukariri. Leo nataka ukumbi huu ucheke mpaka ukuta utikisike. Wasipocheka, kesho kiti hicho atakikalia yeye. Mimi ni shangazi yako, sikatai, lakini siwezi kuyafuga mabenchi matupu kwa sababu ya udugu."

"Watacheka, shangazi."

"Umewawekea filamu gani?"

"*Kisu cha Mwisho*. Ina maiti kumi na moja."

"Umezihesabu?"

"Nimeziahidi."

Shangazi alimtazama kidogo, akavuta pazia.

Kwenye kasha kulikuwa na mzee mwenye uso mkavu aliyeshika kisu, na hicho tu ndicho Mdomo alichokuwa nacho. Filamu ilipofunguka, mzee yule alikuwa katika karakana yenye vumbi, akitumia kisu kilekile kukata kamba za kusukia viti. Alikata kamba ya kwanza. Akakata ya pili. Akaipima ya tatu kwenye dirisha.

"Mdomo," fundi viatu aliita kutoka benchi la mbele, sehemu ambayo hakuna aliyethubutu kumkalia, "huyo anaua viti?"

Ukumbi ukacheka. Mdomo akashukuru moyoni. "Tulieni," alisema kwenye kipaza sauti. "Anapasha mkono moto."

Akaingia mwanamke wa makamo amebeba kiti kilichotoboka, akasimama mlangoni, akasema maneno machache kwa sauti ya chini. Mdomo hakungoja. "Mpenzi," alimsemea, akiibana pua, "nimekuja na kiti changu. Wewe utakaa wapi shauri yako." Kicheko kilichofuata kilipiga bati. Basi akaushika uzi huo, akauvuta. Mzee akawa Bwana Harusi. Mwanamke akawa mchumba aliyechoka kusubiri posa. Kila alipoinama mzee juu ya kiti, Mdomo alimlalamisha kiuno. Kwa dakika ishirini ukumbi ulikuwa wake. Shangazi, aliyekuwa ameegemea mlango, alijipangusa machozi kwa ncha ya kitenge. Redio alikunja mikono na kuangalia sakafu.

Tatizo lilikuwa masikio. Mdomo ulikuwa ukienda upande mmoja, nayo yakienda upande mwingine. Yalikuwa yamemsikia mwanamke akimwuliza mzee kama mke wake aliteseka sana kabla ya kufa. Yalimsikia mzee akijibu kwamba wateja wake huuliza juu ya viti. Yalisikia jinsi mwanamke alivyonyamaza baada ya hapo, kunyamaza kwa mtu anayetafuta mlango mwingine wa kuingilia. Mfasiri alijaribu kutoyasikiliza. Alitia utani mmoja juu ya mwingine, haraka haraka, mpaka akaanza kutokwa jasho. Alikuwa ameitarajia filamu takataka, na takataka alikuwa anajua kuishi nayo.

Kisha mwanamke akasema, polepole, kila neno likiwa peke yake: "Kigeuze. Chini yake kuna alama. Niliichonga nikiwa na miaka sita, ukanipiga."

Mikono ya mzee ikasimama.

"Mbusu, Bwana Harusi," mtu alipiga kelele kutoka katikati. Wengine wakaitikia, wakigonga mabenchi. Mfasiri alifungua kinywa. Busu alikuwa nalo tayari, na mzaha mzuri wa meno ya bandia, labda mzuri kuliko mizaha yote aliyowahi kuitunga. Ulikuwa umekaa kwenye ncha ya ulimi. Kwenye kioo mzee alikigeuza kiti taratibu, akapitisha kidole gumba chini ya ubao, akakiacha hapo. Hakuna aliyesema neno katika filamu, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, hakuna aliyesema neno kibandani.

"Mdomo umekauka?"

"Mleteeni maji."

Pazia likafunguka. "Sema kitu," shangazi alinong'ona. "Chochote. Redio ameshainuka."

Kweli alikuwa ameinuka, anakuja akipenya kati ya magoti ya watu. Mfasiri alimwona, akaumeza ule mzaha kama mtu anayemeza kidonge bila maji.

"Jamani," alisema. Ilikuwa sauti yake ya nyumbani, ambayo wengi mle ndani hawakuwahi kuisikia. "Nimewadanganya. Huyu mwanamke si mchumba wake. Ni binti yake. Aliondoka nyumbani akiwa msichana, na mzee amemtambua sasa hivi."

Ukumbi ulitulia, kwa mshangao zaidi kuliko kwa adabu.

"Na maiti?" mtu aliuliza.

"Ni moja tu. Mama wa huyu binti. Alishazikwa kabla filamu haijaanza."

Vijana watatu waliinuka wakatoka, mmoja akaangusha benchi kwa makusudi. Mwanamke aliyekuwa na kikapu akawafuata. Mfasiri aliwaona wote wakiondoka, akahesabu bila kutaka. Redio alifika mlangoni mwa kibanda, akasimama kando ya shangazi, asijue aingie au arudi.

Mzee wa kwenye filamu akaanza kuongea, naye mfasiri akamfuata. Ilikuwa kazi ngumu asiyoizoea. Alichelewa, akaruka maneno, akarudi kuyaokota.

"Anasema, nilikungoja," alisema. "Hapana. Si hivyo. Samahanini. Anasema, niliacha kukungoja."

Hakuna aliyecheka. Fundi viatu alivua kofia, akaiweka pajani. Mfasiri aliendelea hivyo hadi mwisho, akisema tu kilichosemwa, na kisiposemwa kitu alinyamaza. Baba na binti hawakukumbatiana. Walikaa kila mmoja upande wake wa kiti, wakipitishiana kamba, juu, chini, juu, chini, na mzee akamsahihisha mara moja kwamba anavuta sana. Halafu majina yakapanda juu ya kioo.

Shangazi alifungua madirisha. Jua la alasiri likaingia, watu wakatoka wakipepesa macho, wengi kimya, wachache wakibishana kama yule binti atalala pale au ataondoka. Mfasiri alibaki kibandani akizungusha waya wa kipaza sauti mkononi, akiufungua, akiuzungusha tena.

"Redio," shangazi alisema, "kesho njoo, ukae palepale nyuma. Bado sijaamua."

"Shangazi, nisikufiche," Redio alijibu. "Lugha ile mimi siijui. Hata ya kuombea maji."

"Sasa huko stendi unafanyaje?"

"Kama alivyokuwa akifanya Mdomo."

Fundi viatu alikuwa bado amekaa benchi la mbele, kofia pajani, kama mtu aliyesahau anakokwenda.

"Mdomo," aliita bila kugeuka. "Kuna ile ya mwaka juzi. Ya yule mama aliyekuwa akiyumbayumba stesheni, ameshika koti la mtoto. Ukatuambia kalewa chakari. Nilicheka siku ile mpaka nikaumwa mbavu, na nyumbani nikawasimulia." Akaigeuza kofia pajani. "Alikuwa kalewa kweli?"

Mfasiri aliacha kuzungusha waya. Aliukumbuka uso wa yule mama, na koti. Alichosema yule mama hakukikumbuka, kwa sababu siku ile alikuwa akiongea yeye.

"Sidhani," alisema.

Shangazi alivaa miwani, akafungua kabati la diski. Zilikuwa mamia, zimebanana, kila moja ina jina aliloipa mfasiri. Alianza kuzichomoa moja moja, akiyasoma majina kwa sauti ya chini, akiziweka kando, akiitafuta ile ya stesheni. Mfasiri alisimama nyuma yake. Alitaka shangazi aipate upesi, na alitaka asiipate.