Ramani ya Injini

Mpimaji ardhi alikuwa na tabia ya kupima kila kitu mara mbili, isipokuwa gari lake. Gari alimwachia baba yake, fundi ambaye wateja walimwita Fundi Sikio, kwa kuwa hakufungua boneti kabla ya kusikiliza. Aliinamisha kichwa, akafumba macho, kisha akasema, "Plagi ya tatu." Na kweli, ukiitoa plagi ya tatu, unaikuta imeungua.

Mwaka huo baba na binti waliliongezea gari vitu vichache: ekzosi pana kidogo, filta ya hewa isiyobana, na nozeli kubwa za kurushia mafuta zilizotolewa kwenye gari jingine. Hawakuwa na haja ya mashindano. Mpimaji alitaka tu lisimwaibishe milimani akiwa amepakia vyombo vyake vya kazi. Lakini dawa ikageuka ugonjwa. Kila akikanyaga mafuta gari linasita, linanuka petroli, linatoa moshi mweusi.

"Kompyuta yake haijui kuwa tumebadilisha vitu," binti alisema, ameegemea meza ya karakana. "Inapiga hesabu za zamani, kumbe nozeli zimekuwa kubwa. Lazima tuibadilishie ramani."

"Ramani si kazi yako ya ofisini?"

"Na humu ndani imo, Baba. Ni jedwali tu. Injini ikizunguka hivi, mzigo ukiwa huu, mafuta yawe kiasi gani na cheche iwake saa ngapi."

"Basi tafuta programu. Kusikiliza niachie mimi."

Programu zilizobaki baada ya kuchambua zilikuwa mbili. Ya kwanza aliileta jirani yao, muuza spea, mtu wa maneno matamu. Ilikuja na ramani iliyopikwa tayari: unachomeka waya, unasubiri dakika kumi, umemaliza.

"Na ndani kuna nini?" mpimaji alimuuliza.

"Nguvu, dada yangu."

"Naweza kuifungua nikaona tarakimu?"

"Ya nini? Ukinunua mkate unaomba kuliona tanuri?"

Ya pili aliipata mwenyewe baada ya kusoma siku nyingi. Haikuahidi chochote. Ilisoma ramani ya asili na kuiweka akiba, ikarekodi kila safari kwa mistari ya rangi, na tarakimu ulibadilisha mwenyewe, moja baada ya nyingine. Kazi ya majuma, si ya dakika.

Baba aliitazama ile mistari kwenye kompyuta ya binti yake, akasonya. "Hii ni ya watu wasio na masikio. Weka ya jirani, tutoke barabarani. Ikiwa mbaya nitaijua kabla hatujafika kona."

Moyo wa mpimaji ulikataa. Kununua mbuzi kwenye gunia hakukuwa desturi yake. Lakini mzee alikuwa amesema, na sikio lile lilikuwa limemsomesha. Akahifadhi kwanza ramani ya asili kwa programu ya pili, akaiacha programu hiyo irekodi safari, kisha akaweka ile iliyopikwa.

Walitoka asubuhi ya Jumamosi, barabara ikiwa tupu. Kwenye tambarare gari lilikwenda kama maji. Baba alitabasamu, mkono mmoja nje ya dirisha. Wakafika mlimani. Mpimaji akakanyaga mafuta, na papo hapo akasikia mlio mwembamba, mkavu, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Injini ilikuwa inagonga.

Akamtazama baba yake. Mzee alikuwa amefumba macho, kichwa kimeinama upande.

"Tamu," alisema. "Tamu kabisa. Kanyaga, mwanangu."

Kokoto zikazidi. Mpimaji aliinua mguu, akaliegesha gari pembeni, akazima. Angeweza kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, akasema amechoka, akasema taa imewaka. Badala yake akamgeukia.

Fundi Sikio hakuhitaji kuambiwa. Alifumbua macho, akauona uso wa binti yake.

"Inagonga?"

"Inagonga, Baba."

"Sana?"

"Sana."

Mzee aliutoa mkono dirishani, akauweka mapajani. Lori likapita polepole, likawatikisa, likapotea mbele.

"Sauti nene nazisikia," alisema hatimaye. "Nyembamba ndizo zimenikimbia. Nilijua tangu mwaka jana. Magari ya watu nayashika kwa mkono, nasikia yanavyotetemeka. Sikuthubutu kusema. Nikiitwa Fundi Sikio halafu sikio halipo, nitaitwa nani?"

"Utaitwa Baba," alisema mpimaji.

Mzee akacheka kidogo. "Hilo halileti wateja."

Walirudi taratibu, bila kukanyaga. Nyumbani, mama alisikiliza habari yote huku akiendelea kukunja nguo. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema. "Redio yako jirani anaisikia vizuri kuliko mimi. Jumatatu hospitali. Na usiniambie una gari la mtu."

Alasiri ile mpimaji alirudisha ramani ya asili, akaichagua programu ya pili. Akavuta kiti kingine mbele ya kompyuta.

"Kaa, Baba. Tarakimu nazisoma mimi. Lakini sijui injini inataka nini. Wewe unajua."

Mzee alikaa kwa shingo upande. Binti alimwonyesha mstari wa hewa, wa mafuta, wa cheche, na ule mdogo mwekundu ulioruka kila injini ilipogonga. Katika safari ya asubuhi, ambayo programu ilikuwa imeirekodi, mwekundu ulisimama kama miiba. Mzee aliinama mpaka pua ikakaribia kioo.

"Huu ndio mlima?"

"Ndio."

Kisha kidole chake chenye grisi kikagusa mstari wa cheche. "Inawaka mapema mno. Petroli yetu haiwezi. Zamani ningezungusha disibyuta, ile inayogawa cheche, kwa mkono, hivi, kidogo tu. Sasa tuanzie ramani ya asili. Kwanza mafuta, punguza. Cheche usiiguse mpaka moshi uishe."

"Kiasi gani?"

"Kidogo. Halafu tutoke tukaone."

Iliwachukua Jumamosi nne. Walibadilisha tarakimu chache, wakapanda mlima, wakarudi kusoma mistari, wakabishana. Mara moja walikosea na gari likazimika kwenye makutano, watu wakawapigia honi. Nguvu iliyoongezeka haikuwa ya kujisifia. Lakini moshi ulikwisha, harufu ikakoma, na gari lilipanda likiwa limebeba vyombo vyote bila kusita wala kugonga.

Daktari alimpa mzee kifaa cha kuvaa sikioni. Kilimsaidia kwenye mazungumzo. Karakanani alikivua, akisema kinapiga kelele kuliko injini. Wateja aliwaambia ukweli mmoja mmoja. Wawili waliondoka. Waliobaki walivuta viti wakaangalia nao mistari.

Jumamosi ya tano mpimaji alikuta karakana imefunguliwa. Baba alikuwa mbele ya kompyuta na gari la mteja limeunganishwa waya, anaandika kwa kidole kimoja, ulimi nje kidogo.

"Ya asili inahifadhiwa wapi vile?" aliuliza bila kugeuka. "Nataka kuiweka akiba kabla sijagusa kitu."