Injini ya Baba Kwenye Trela

Nilipotokea uani nilikuta injini ya gari la baba imelazwa kwenye trela, imefungwa kamba kama ng'ombe wa kuchinjwa, na kaka yangu Clement anajifuta grisi kwa taulo langu.

"Usininunie, Hester," alisema. "Injini yangu, fremu na bodi vyako. Si wosia ulisema tugawane sawasawa?"

Damu ilinichemka. Mchezo huo naujua. Wachuuzi wa magari ya kale huku kwetu wameuzoea. Injini huundiwa fremu mpya, fremu hutafutiwa injini ya kuokoteza, kisha kila mnunuzi huapa kwamba lake ndilo gari halisi la mwaka thelathini na nne. Maiti mmoja, makaburi mawili!

"Baba hakuweka raba hata moja kati ya injini na fremu," nilimwambia. "Alizikaza chuma kwa chuma, injini iwe ndiyo mhimili. Ukiitoa, fremu inajipinda. Unadhani kwa nini gari lilikuwa likikata kona za mlimani bila kuyumba?"

"Baba, baba! Baba kafa, dada. Na wewe ajuza mzima, utashindana na nani?"

"Na wewe."

Alicheka, akaingia ndani kufuata koti lake. Nilimchukia, nasema wazi. Tangu mazishi nilikuwa nikimbembeleza kwa maneno laini na keki za tangawizi, nikidhani damu ni nzito kuliko maji. Asubuhi hiyo maneno yaliniisha.

Ua wetu unateremka hadi langoni, na lango ni moja tu. Nilipanda lile gari la baba lililokuwa mlangoni mwa banda, nikalegeza breki ya mkono. Likaanza kuserereka kimyakimya, pua nyepesi, na mikononi nikahisi fremu ikijipinda kwenye kila shimo. Nilitaka kulia. Badala yake niliuzungusha usukani, nikalikingamisha katikati ya nguzo za mawe, nikavuta breki kwa nguvu zangu zote.

Clement alikuja na gari lake, akivuta trela. Akapiga honi. Akapiga tena. Mwishowe akashuka, uso umemwiva.

"Ondoa hilo gari, Hester! Mnunuzi ananisubiri!"

Nilikaa nilipokaa, mikono juu ya usukani.

"Nitaliondoaje?" nikamwuliza. "Halina injini."